Probox ya Malindi: nikague nini kila mwezi, na kabla ya safari ya Mokowe?

PwaniProbox, Malindi

Assalamu alaikum wanajukwaa.

Gari ni Toyota Probox, injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, otomatiki. Inalala nje mtaa wa Shela hapa Malindi, si mbali na bahari. Kazi yake kubwa ni mjini: sokoni, shuleni, Barani na kurudi. Mombasa inaenda mara moja kila miezi miwili. Kuanzia mwezi ujao itakuwa inakwenda Mokowe kila mwezi, na huko itaegeshwa karibu na gati siku tatu nne wakati mwenyewe yuko Lamu kisiwani.

Hadi sasa serivisi ni kila kilomita 5,000: oili, filta, basi. Kwa mizunguko ya mjini hizo 5,000 huchukua miezi minane au tisa kutimia. Naomba wajuzi mnisaidie. Ni vitu gani naweza kukagua mwenyewe nyumbani, na kila baada ya muda gani? Hewa ya chumvi inakula nini hasa, mbali na kutu inayoonekana kwenye bodi? Pia nimeshauriwa nipulize oili chakavu chini ya gari yote ili kuzuia kutu. Ni sawa? Na kabla ya safari ya Mokowe niangalie nini zaidi?

---

FundiMaweni

Waalaikum salaam ndugu yangu. Kosa liko kwenye hiyo miezi minane. Hapa pwani panga ukaguzi kwa kalenda, usipange kwa kilomita. Chumvi, unyevu na jua vinafanya kazi hata gari likiwa limeegeshwa wiki nzima.

Oili kwanza. Injini inayowashwa dakika kumi na kuzimwa haipati joto la kutosha kukausha mvuke wa maji unaobaki ndani yake, kwa hiyo maji yanachanganyika na oili. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kwenye kifuniko, lakini oili kwenye kijiti ni safi na kulanti (maji ya kupozea injini) haipungui, huo ni mvuke wa safari fupi. Kama oili yenyewe kwenye kijiti ina rangi ya chai ya maziwa na kulanti inapungua, usiwashe tena gari hilo, gasketi ya silinda hedi inapitisha maji. Badilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo usimimine kopo zima la lita nne kwa kuwa tu umelinunua. Oili ikizidi, kranki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Pima gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika tano.

Tairi ni kila wiki, asubuhi kabla gari halijatembea. Upepo sahihi umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari za Japani huandika kPa au kgf/cm², na mashine zetu za upepo husoma psi: kPa 230 ni psi 33 hivi, na kgf/cm² moja ni psi 14 na kidogo. Soma vizuri, maana gari la mizigo kama hili huweza kuwa na kipimo chake cha nyuma likiwa limepakia. Ukipima tairi ikiwa moto kutoka barabarani itaonyesha psi 3 au 4 zaidi. Usiupunguze huo upepo, kesho asubuhi tairi itakuwa chini.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Imeisha pembeni pande zote mbili: upepo mdogo. Imeisha katikati: upepo mwingi. Imeisha upande mmoja tu: alaimenti, au bushi (mpira wa kwenye kiungo) ya kono la chini imekufa. Ina mabonde mabonde: shokamzoba. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyopandishwa milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi imekwisha. Binafsi singesubiri ifike hapo kabla ya masika. Chini ya milimita 3 tairi inaanza kupanda juu ya maji badala ya kuyakata. Halafu tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la hapa linapasua mpira hata kama mifereji bado mirefu, kwa hiyo ikishapita miaka sita kagua kuta zake kwa tochi, pamoja na spea.

Breki ni kila miezi mitatu, tairi zote nne zikiwa zimevuliwa. Usiridhike na kuchungulia kwenye matundu ya rimu, maana hapo unaona padi ya nje tu, na padi ya ndani ndiyo huisha kwanza hapa pwani. Padi ikibaki milimita 3 agiza nyingine. Unene wa mwisho wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe. Nyuma ni ngoma: toa ngoma, inua kidogo mpira wa vumbi wa silinda ya gurudumu kwa ncha ya bisibisi. Kukiwa na majimaji nyuma ya mpira huo, silinda imeanza kuvuja, na breki shuu zikilowa gari litavuta upande mmoja ukikanyaga.

Kuna majaribio mawili ya kanyagio ambayo hayahitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano, shikilia, kisha washa: kanyagio kizame kidogo, hapo busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) inafanya kazi. Halafu injini ikiwa inanguruma endelea kukanyaga kwa nguvu ya wastani nusu dakika. Kikishuka polepole kuelekea sakafuni, ama kuna mvujo ama silinda kuu inapitisha ndani kwa ndani. Hapo hakuna safari.

Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili hata kama gari halikutembea. Yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya yanachemka mapema. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka nyuzi 205. Kiwango cha chini yakiwa yamelowa ni nyuzi 140. Yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea, mguu unafika chini bila breki. Usinunue kopo lililokaa wazi dukani, na usitumie lililobaki nusu tangu mwaka jana.

Onyo moja kuhusu jeki: viwanja vyetu vingi ni mchanga. Weka chini ya jeki ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, zuia magurudumu ya upande mwingine kwa mawe, na usiingize hata bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tumia stendi. Kabla ya kuinua, gonga sehemu ya kuwekea jeki chini ya kizingiti. Ikitoa sauti butu au ikimwaga vigamba vya kutu, hapo hapabebi.

---

BiUmeme, Kilifi

FundiMaweni amemaliza upande wa magurudumu. Niongeze mahali chumvi inapojificha, kwa sababu wengi hutazama milango na kusahau kilichofunikwa.

Waya wa ethi, kaka. Ni ule mfupi unaotoka nega (upande wa kutoa, –) ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Kwa nje unaonekana mzima, lakini chumvi inaingia pale waya unapobanwa na kichwa chake, na ndani shaba inageuka unga wa kijani. Dalili zake hupotosha: stata inazunguka kwa uzito, taa zinafifia ukiwasha indiketa, na mtu ananunua betri mpya bure. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya nega ya betri yenyewe (si kwenye kichwa cha waya), nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzio apige stata. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, ethi iko sawa. Ikifika 0.5, fungua, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, au badilisha waya mzima.

Betri yenyewe ipime asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 imejaa, 12.4 inavumilika, chini ya 12.2 ichajiwe. Injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) inaichemsha betri. Joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, ndilo linalozidhoofisha. Nyingi zinakuja kukatika baadaye mvua zikianza, wakati weipa, taa na feni vyote vinawaka pamoja. Kama betri yako ina vifuniko, ongeza maji yaliyotoneshwa tu. Soma chupa kabla ya kumimina, kwa sababu jina "maji ya betri" hutumiwa hata kwa asidi, na asidi haiongezwi. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa uoshe kwa maji moto yenye kijiko cha magadi, suuza, kausha, kaza, ndipo upake mafuta ya mgando juu. Ukipaka kabla ya kukaza unaweka kizuizi kati ya chuma na chuma. Kufungua, anza na nega. Kufunga, nega iwe ya mwisho.

Kuhusu kulanti: maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi, na rejeta na hedi ya injini hiyo ni alumini. Chumvi inakula alumini kwa ndani na kuziba mirija myembamba ya rejeta. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Barabarani ukikwama, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni nafuu kuliko ya kisima, kisha umwage mfumo mzima ukirudi. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto. Ikipoa, tazama mpira wake. Ukiwa umekauka au umepasuka, presha haikai, maji yanachemka mapema na kutokea kwenye tangi la akiba. Ni kitu kidogo cha bei ndogo kinachochemsha injini nzima.

---

Mkulima_Gongoni

Huku kwetu kwenye mashamba ya chumvi magari mengi yanapulizwa oili chakavu na yanadumu. Mbona mnaliruka swali hilo?

---

BiUmeme, Kilifi

Halirukwi, Mkulima. Oili inazuia kutu kwenye bamba tupu, hilo ni kweli. Shida ni kwamba bomba la kupulizia halichagui. Oili inalainisha na kuvimbisha bushi, mipira ya sivi jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu) na mipira ya boli jointi (kiungo kinachobeba gurudumu na kuliacha likate kona). Ikidondoka kwenye diski au ngoma, breki imekwenda. Inashika vumbi na mchanga, na mchanga huo unashikilia maji ya chumvi palepale kwenye chuma. Tena inachuruzika ardhini, na visima vyetu ni vifupi.

Vile vile msikimbilie kupaka andasili (rangi ya kukinga chini ya gari) nyeusi nzito juu ya kutu. Kutu inaendelea chini yake, hauioni tena, mpaka siku kipande kinaanguka. Utaratibu ni huu: osha chini, acha ikauke siku nzima, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo andasili. Ndani ya vizingiti na mikono ya chasisi inafaa ile ya nta, inayopulizwa kwa mrija mwembamba kupitia matundu yaliyopo. Usizibe matundu ya kutolea maji chini ya milango. Chomeka kijiti kila mwezi uhakikishe yako wazi, kwa sababu mlango unaohifadhi maji unaoza kutoka ndani.

Na maji ya kuoshea, yaonje kwanza. Kisima chenye chumvichumvi kinaongeza ulichotaka kukiondoa. Tumia maji ya mfereji, hasa baada ya kufuata malori ya chumvi njia ya Gongoni na Marereni, au baada ya gari kukanyaga ufuo. Maji mengi bila nguvu kubwa, ndani ya matao ya magurudumu na nyuma ya bampa. Bomba la presha usilielekeze kwenye plagi za umeme wala kwenye sili za beringi.

---

FundiMaweni

Niongeze mabomba ya breki hapo, maana ndiyo kutu ya hatari kuliko zote. Ni yale membamba ya chuma yanayopita chini kuelekea nyuma. Kutu huanza chini ya vishikizo vya plastiki, ambapo mchanga mbichi unajikusanya, na pale bomba linapopinda juu ya ekseli. Futa kwa kitambaa kikavu. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa inayotoka na kitambaa, safisha na kupaka. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, au pakionekana jasho linalong'aa, bomba libadilishwe lote kutoka kiungo hadi kiungo. Kukata kipande na kukiunganisha kwa mpira wa petroli sio matengenezo. Mpira huo hauhimili presha ya breki.

---

DerevaWaGarsen

Kwa safari: Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200. Ukishavuka daraja la Sabaki na kupita Mambrui, Gongoni na Marereni, gereji zinakuwa za mbali mbali mpaka Garsen, kisha Witu. Fanya ukaguzi siku mbili kabla ya kuondoka, si alfajiri ya safari, ili ukikuta kasoro duka liwe wazi.

Inua gurudumu la mbele, shika tairi juu na chini, tikisa. Kukiwa na mchezo, mwenzio akanyage breki, tikisa tena. Mchezo ukipotea ni beringi. Ukibaki ni boli jointi. Kisha shika kushoto na kulia; mchezo hapo mara nyingi ni tai rodi endi (kiungo cha usukani). Ukiwa hapo hapo tazama upande wa ndani wa rimu. Grisi nyeusi iliyorushwa kama mstari ni mpira wa sivi jointi uliopasuka. Ukiuwahi unabadilisha mpira na grisi, ukiuacha mchanga unaingia na unanunua jointi nzima.

Washa gari na eesii (AC), simama mbele ya rejeta: feni izunguke. Acha injini ipate moto kamili, halafu tazama chini ya wota pampu kama kuna alama ya kulanti iliyokauka. Filta ya hewa itoe na kuigonga kwa upole. Ya karatasi haioshwi, na upepo wa kompresa upigwe kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kwa presha ndogo. Ukipita njia ya vumbi ya Marafa hata mara mbili tatu, usingoje serivisi ijayo.

Taa: egesha mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare. Ukingo wa juu wa mwanga wa taa za chini uwe kama sentimita 5 chini ya kimo cha taa zenyewe. Ukiwa juu zaidi unampofusha anayekuja. Raba za weipa badilisha kila mwaka, mwezi wa tatu, kabla ya masika.

Beba spea yenye upepo, jeki na ule ubao, wili spana uliyokwisha kuijaribu kwenye nati zote, pembetatu mbili za kuakisi, kizima moto ambacho mshale wake uko kwenye kijani, lita moja ya oili, lita 5 za maji na fyuzi za akiba. Wenye Hiace, shusheni ile spea ya chini kila miezi mitatu, kwa sababu mnyororo wake hushikana na kutu na siku ya pancha haushuki.

Pale Mokowe, ukiegesha siku tatu nne karibu na maji, usivute handibreki. Breki shuu zilizobanwa kwenye ngoma kwa hewa ile hushikana na kutu, na ukilazimisha gari kuondoka, kitambaa cha shuu kinabanduka. Weka gia kwenye P, zuia magurudumu mawili kwa mawe au vigingi, mbele na nyuma. Ukirudi utakuta diski zina kutu ya rangi ya chungwa. Hiyo ni ya juu tu, breki kadhaa za polepole zinaifuta. Sauti ya kukwaruza ikiendelea baada ya kilomita moja mbili, simama utazame.

Kama Probox hiyo imesajiliwa kwa biashara, ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) wa kila mwaka uko palepale. Lakini stika inaeleza gari lilivyokuwa siku ile lilipokaguliwa. Padi haziisomi.

---

PwaniProbox, Malindi

Shukrani sana nyote. Leo nimevua tairi za mbele. Kulia padi zote mbili ni milimita 7. Kushoto ya nje ni 7 na ya ndani 3, na rimu ya kushoto ilikuwa moto kuliko ya kulia baada ya kutoka mjini. Ninunue padi za kushoto tu?

---

FundiMaweni

Hapana, usinunue za upande mmoja. Padi hubadilishwa kwa ekseli, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta. Lakini padi ni matokeo. Chanzo ni kalipa (kifaa kinachobana padi kwenye diski): pini zake za kuteleza zimekauka kwa kutu, au pistoni hairudi. Pini zikishikana, kalipa haisogei, kwa hiyo pistoni inaisukuma padi ya ndani peke yake na kuiacha ikisugua.

Fungua bolti mbili za kalipa, itoe na kuifunga kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hosi. Vuta pini. Yenye afya inatoka kwa vidole, ikiwa na grisi safi. Yenye kutu sugua kwa sandipepa laini. Ikiwa na vishimo, nunua seti ya pini na mipira yake. Safisha tundu, paka grisi ya breki ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira na pini inakwama upya baada ya miezi michache. Kabla ya kurudisha pistoni tazama kopo la mafuta ya breki lililo kwenye gari, maana yatapanda, na yakimwagika yanababua rangi ya gari. Pistoni irudi kwa kubanwa polepole na klampu. Ikigoma au mpira wake ukiwa umepasuka, kalipa ipelekwe ikabadilishwe sili.

Ukishafunga, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio kiwe kigumu, kabla gari halijasogea hata hatua. Halafu mahali patupu shika breki kiasi mara kumi, kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, ukiacha zipoe katikati.

Nati za tairi kaza kwa kukatisha, si kwa kuzunguka, hadi Nm 103. Kwa mpini wa sentimita 25 hiyo ni nguvu ya kilo 42 hivi mwishoni, kwa hiyo mtu asisimame juu ya spana. Uso wa kitovu pakaa grisi nyembamba sana ili rimu isigande na kutu, lakini nyuzi za bolti na viti vya nati viache vikavu. Vikiwa na grisi, nguvu ileile inakaza kupita kiasi na bolti zinakatika. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Yaani njiani, kabla hujafika Mombasa au Garsen, tairi zikipoa, toa spana.